Filamu ambazo Mama aliniambia ninyamaze

Macho ya Mama yalianza kufifia miaka minne iliyopita. Uso anauona, rangi anaziona, mtu akipita upande wa pili wa chumba anamjua kwa mwendo. Herufi ndogo ndizo zilizomkimbia. Na filamu ninazozipenda mimi, za Italia, Japani, Iran, India, Senegali, zote huja na maandishi ya chini, mistari miwili miwili inayopita kabla hujameza mate. Basi kila Jumamosi usiku nakaa kushoto kwake, upande wa sikio linalosikia vizuri, namsomea. Macho yangu yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili.

Tumefanya hivyo kwa mwaka na miezi kadhaa sasa. Katika muda huo nimepata kipimo changu cha filamu: ni pale Mama anaponigusa mkono na kusema, "Nyamaza kwanza. Naona." Filamu ikimfanya aseme hivyo hata mara moja, naiandika kwenye daftari. Ziko zilizosheheni tuzo ambazo hazikumfanya aseme. Hapa nazungumzia zilizomo daftarini, pamoja na moja ambayo Mama aliikataa na mimi bado naitetea.

Ya kwanza ilikuwa Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli, aliyoiongoza Vittorio De Sica mwaka 1948. Niliichagua kwa kuwa ni fupi, saa moja na nusu, na kisa chake kinashikika upesi. Baba mmoja mjini Roma, vita vimekwisha na kazi hakuna, anapata kibarua cha kubandika mabango. Sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayafunga furushi, wanakwenda kuyaweka rehani ili wakomboe baiskeli. Siku ya kwanza kazini, baba yuko juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, mwigizaji wa Marekani, baiskeli inaibwa. Kuanzia hapo ni yeye na mwanawe mdogo, Bruno, wakiitafuta mji mzima.

Nilikuwa nasoma mbiombio kama mtangazaji wa mpira. Tukafika kwenye duka la rehani. Karani anachukua lile furushi la mashuka, anakwenda nalo kwenye rafu, anaanza kupanda. Kamera inamfuata juu, na juu tena, na kila rafu imejaa mafurushi ya namna ileile. Mimi bado naeleza: "Sasa anapeleka mashuka..." Mama akanigusa mkono. "Nyamaza kwanza. Naona." Kilipita kitambo, kisha akasema, "Watu wote hao wanalala bila shuka."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu filamu hiyo na sikumbuki sentensi iliyoifikia hiyo. De Sica hakutumia maneno kueleza umaskini wa mji mzima. Alitumia karani anayepanda rafu. Aliyecheza nafasi ya baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji, na jambo hilo linaonekana mabegani mwake kabla hajafungua mdomo. Iko sehemu mvua inanyesha, wanakimbia, Bruno anateleza na kuanguka, baba hana habari. Anapogeuka na kumuuliza ana nini, mtoto anamfokea kwamba ameanguka. Ni kijineno tu, lakini unajua papo hapo kuwa baba huyu ameacha kumwona mwanawe kwa sababu ya kile anachokitafuta. Mwisho wake siusemi. Utazame mkono wa mtoto, basi.

Baada ya hapo nikapata ujasiri, nikamletea Abbas Kiarostami, mwongozaji wa Iran.

Khane-ye doust kodjast? ya mwaka 1987, maana yake "Nyumba ya rafiki iko wapi?", ndiyo filamu ninayoitoa kwanza kwa mtu yeyote anayeniambia filamu za nje zinamchosha. Mvulana anayeitwa Ahmed, wa kijiji cha Koker kaskazini mwa Iran, anafika nyumbani kutoka shule na kugundua kwamba amebeba kimakosa daftari la mwenzake. Madaftari yao yanafanana. Mwalimu amekwisha kuapa mbele ya darasa zima kwamba yule mwenzake asipoandika kazi yake daftarini safari hii atafukuzwa. Mwenzake anaishi Poshteh, kijiji kingine, na Ahmed hajui nyumba ni ipi. Anatoroka kwenda kumtafuta. Hakuna jambo jingine, na mimi kila nikiitazama moyo unanienda mbio.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi watu wazima wasivyosikia. Ahmed anamwambia mama yake kwamba amechukua daftari la rafiki yake, lazima alirudishe. Mama yake anafua na kuanika nguo, anamjibu: fanya kazi ya shule kwanza. Anarudia. Mama yake anamtuma. Anarudia tena. Nilipokuwa nasoma, mistari ilikuwa karibu ileile mara nne, mara tano, nikadhani Mama atachoka, nikaanza kufupisha. Akanikatiza: "Amesema hivyo tu?" Nikamwambia amerudia. "Basi na wewe rudia." Nikarudia kila mara, neno kwa neno, na mara ya nne sauti yangu mwenyewe ilikuwa imeanza kuomba kama ya yule mtoto. Ndipo nilipoelewa kwa nini Kiarostami aliandika hivyo. Yule mama si mkatili. Ana mtoto mchanga, ana nguo za kuanika, ana siku ndefu. Sauti ya mtoto imekuwa kwake kama sauti ya bomba linalotiririka.

Kuna babu pia, amekaa nje na mzee mwenzake, anamtuma Ahmed amletee sigara ilhali anazo mfukoni. Mwenzake anapomuuliza, anajibu kuwa shida yake si sigara, anataka mtoto ajue kutii. Kisha anasimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpa senti kila wiki na kipigo kila wiki mbili, na kwamba baba aliweza kusahau senti lakini kipigo hakukisahau hata siku moja. Anasema hayo kama mtu anayesifu. Mama alitikisa kichwa muda mrefu.

Alichoninyamazishia Mama ni kilima. Kati ya Koker na Poshteh kuna njia inayopanda mlima ikipinda kulia, kushoto, kulia, na juu kabisa mti mmoja. Ahmed anaipanda mbio na daftari kifuani. Anashuka. Baadaye anaipanda tena. Kamera imesimama mbali, mtoto ni kitone tu kinachosogea. Mama haoni herufi, lakini kile kitone alikiona, na akawa anakifuata kwa kidole hewani, akipinda kidole kila njia inapopinda. Sikuwa na cha kusoma. Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo ndio mwisho bora wa filamu ninaoujua, na ole wake atakayekusimulia kabla hujauona.

(Mwaka 1990 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga sehemu hiyo ya Iran. Kiarostami aliligeuza hilo kuwa filamu nyingine, iliyotoka mwaka 1992, kuhusu mwongozaji anayerudi na gari kuwatafuta wale watoto. Itazame ya daftari kwanza. Usipofuata mpangilio huo, ile ya pili itakupita tu.)

Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, niliiogopa. Ni India ya kijijini, nyeusi na nyeupe, na niliona itakuwa mzigo. Ray alikuwa hajawahi kuongoza filamu, na mpiga picha wake Subrata Mitra alikuwa kijana ambaye hajawahi kushika kamera ya sinema. Fedha ziliwaishia njiani, kazi ikasimama na kuanza tena, vito vya mke wa Ray vikawekwa rehani, mwishowe serikali ya jimbo la West Bengal ikatoa pesa za kumalizia. Muziki ni wa Ravi Shankar. Ukiitazama huoni hata dalili ya hofu ya wale watu. Ina utulivu wa mtu anayejua anakokwenda.

Watoto wawili, Durga na mdogo wake Apu, wanakimbia katika nyasi ndefu nyeupe kwenda kuliona treni. Wengi wanaikumbuka kwa hilo, na wana haki. Mimi nimebaki na sehemu nyingine. Baba amekuwa safarini miezi mingi kutafuta riziki. Anarudi, nyumba imeharibiwa na dhoruba, anaita watoto kwa furaha, anafungua mzigo na kumwonyesha mkewe zawadi, moja baada ya nyingine. Mkewe amekaa kimya. Kuna jambo baba halijui bado, na sisi tunalijua. Anapotoa nguo moja, mke anaivuta mdomoni, anaiuma, anaanguka kwa kilio. Lakini kilio hakisikiki. Ray amekiondoa na mahali pake ameweka ala ya nyuzi inayolia kwa sauti ya juu kabisa, kali, ndefu.

Nilifungua mdomo nieleze na sikuwa na la kusema. Mama hakunigusa mkono safari hii. Aliushika.

Sasa niseme neno kuhusu ubovu wa huduma, maana filamu nzuri inaweza kuuawa na mtu asiyeijali. Tokyo Monogatari ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953, tuliitazama mara ya kwanza kupitia huduma moja ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Maandishi ya chini yalikuwa yanachelewa, kwa hesabu yangu sekunde tano au sita. Katika filamu ya kupigana unaweza kuvumilia. Katika Ozu ni maafa. Ozu huweka kamera chini, karibu na mkeka, anamwonyesha mtu mmoja anasema, kisha anamwonyesha mwingine anajibu. Ukichelewa sekunde tano, maneno ya huyu yanaangukia kinywani mwa yule. Shige, binti mwenye saluni ambaye anawaona wazazi wake kuwa usumbufu, alisema neno la ubahili, na mimi nikalisoma wakati uso wa Noriko, mkwe mwema kuliko wote, ndio uliojaa skrini. Mama akasema, "Huyu naye nilidhani ana moyo." Tukaendelea hivyo dakika arobaini, tukiwasingizia watu wema maneno ya watu wabaya, hadi nilipogundua. Niliwaandikia mara mbili, sikupata jibu. Nikalipa kuipata kwingine.

Kwa hiyo kabla hujaanza filamu yoyote ya lugha usiyoijua, tazama dakika tano za mwanzo kwa kitu kimoja tu: mdomo ukifunguka, je, mstari unatokea? Ukichelewa, zima. Na usikubali kuitazama ikiwa imewekewa sauti za watu wengine juu. Sauti ya Setsuko Hara, anayemcheza Noriko, anapomjibu wifi yake mdogo kwamba naam, maisha yanavunja moyo, huku anatabasamu, haiwezi kuazimwa na mtu.

Tulipoipata katika hali nzuri, tuliitazama kwa usiku mbili, kwani ni zaidi ya saa mbili na inakwenda taratibu. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli. Wanawatafutia njia ya kuwaondoa nyumbani kwa heshima, wanawapeleka Atami, mji wa mapumziko, ambako vijana wanapiga kelele usiku kucha. Asubuhi wazee wameketi kwenye ukuta wa bahari, na bibi anapotaka kuinuka anayumba kidogo. Mama aliliona lile yumbo kabla yangu. "Huyo anaumwa," akasema. Mimi nilikuwa nimeinamia maandishi. Tangu hapo nimejizuia kuishi chini ya skrini tu.

Kuna nyingine zilizopita kwa furaha na hazihitaji maneno mengi. Shichinin no samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, ina dakika 207, na hakuna dakika tuliyoitamani ipite. Wakulima wanawaajiri mashujaa saba kwa malipo ya wali tu, ili wawalinde dhidi ya majambazi 40. Kiongozi wao huchora viduara kwenye karatasi na kukata kila jambazi anayekufa. Mama haoni vile viduara, hivyo kazi yangu ilikuwa kumtajia hesabu, na alikuwa anaidai kabla sijaitoa. Sen to Chihiro no kamikakushi, filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001, tuliitazama na mpwa wangu wa miaka tisa. Msichana anaibiwa jina lake na mchawi mwenye nyumba ya kuogea mizimu. Ina vituko vingi, na halafu ghafla ina safari ya treni juu ya maji, abiria ni vivuli, hakuna anayesema, na mtoto yule wa miaka tisa, ambaye hajawahi kukaa kimya dakika mbili, alikaa kimya.

Ile aliyoikataa Mama ni Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya Senegali, mwaka 1973. Inaanza machinjioni, na ng'ombe wanaochinjwa ni ng'ombe kweli. Mama akasema zima, nikazima. Namwelewa. Lakini mimi nilirudi kuimalizia peke yangu: kijana na mpenzi wake wanaotaka kukimbia Dakar kwenda Paris, pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele, wimbo wa Josephine Baker unaorudi na kurudi hadi unakuwa kama homa. Mambéty anaikata filamu anavyotaka, anakurusha mbele na nyuma, na usipomng'ang'ania anakuacha. Siyo filamu ya kusomewa. Ni ya kutazama mwenyewe, usiku, sauti juu.

Filamu iliyobadilisha Jumamosi zetu ni La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966.

Ina urefu wa kama saa moja tu. Diouana, msichana wa Dakar, anachaguliwa na bibi wa Kifaransa kati ya wanawake wanaosubiri kazi kando ya barabara. Wengine wanamkimbilia bibi yule, wanasukumana; Diouana amebaki nyuma, na ndiyo sababu anachaguliwa. Kwa furaha anawapa mabosi wake kinyago kama zawadi. Wanamchukua hadi Antibes, kusini mwa Ufaransa. Yeye anadhani anakwenda kulea watoto na kuona nchi. Anakuta ni kupika, kufua, kusugua bafu, katika nyumba ya kuta nyeupe ambamo kile kinyago kimetundikwa kama pambo. Ufaransa kwake ni jiko, sebule, bafu na chumba chake.

Mbissine Thérèse Diop, anayemcheza Diouana, karibu hasemi kwa mdomo. Mawazo yake tunayasikia kwa Kifaransa, kwa sauti ya mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Mwanzoni jambo hilo lilinikera: kwa nini msichana asiyeweza kuzungumza na mabosi wake awaze kwa lugha yao vizuri hivyo? Baadaye nikaona kwamba ukimya wake mbele yao na mafuriko ya maneno ndani yake ni kitu kimoja. Yeye ana mengi ya kusema, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyeuliza. Mavazi yake pia tazama. Anafanya usafi akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya kisigino, na bibi anamwamuru avue. Sembène alikuwa mwandishi wa vitabu, aliwahi kufanya kazi bandarini Marseille, na aliingia kwenye filamu akiwa mtu mzima kwa sababu watu aliotaka kuwafikia hawakuweza kusoma vitabu vyake.

Mama alifanya kazi za ndani tangu akiwa na miaka kumi na sita hadi alipoolewa. Nilijua hilo kama mtu anavyojua tarehe. Hakuwa na kisa chake, au hakuwahi kukitoa.

Inafika barua. Ni ya mama yake Diouana, na Diouana hajui kusoma. Bwana wa nyumba anamsomea. Kisha anachukua karatasi na kalamu, anaanza kuandika jibu kwa niaba yake, anaandika tu, Diouana hajasema neno. Diouana anaichukua barua ya mama yake na kuichana.

"Simamisha," Mama akasema.

Nikasimamisha. Alikaa kimya kiasi kwamba nikadhani anaumwa. Halafu akasema kwamba katika nyumba ya kwanza aliyofanya kazi, barua za bibi yangu zilikuwa zinasomwa na mwenye nyumba, wamesimama jikoni. Wakati huo Mama alikuwa hajajifunza kusoma. "Alikuwa anaruka," akasema. "Karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili, naye alimaliza haraka. Nilijua anaruka, ila sikuwa na la kumwambia."

Nilitaka kumuuliza kama zile barua zipo. Sikuuliza. Tulimalizia filamu, na kinyago kile kinafanya jambo katika dakika za mwisho ambalo limenifuata hadi leo. Anayekivaa ni mtoto, na anayekimbia ni mtu mzima. Mama hakusema ninyamaze, nami sikusoma neno. Hakukuwa na neno.

Wiki mbili baadaye tulitazama Roma ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2018, kwa sababu nayo inamhusu mfanyakazi wa ndani. Jina limetokana na mtaa wa Colonia Roma, Mexico City. Ni filamu nzuri kwa macho kuliko zote nilizozitaja, nyeusi na nyeupe iliyopigwa kwa subira kubwa, na sauti zake zinakuzunguka: mbwa, ndege, maji ya kudekia. Yalitza Aparicio, anayemcheza Cleo, hakuwa mwigizaji kabla yake. Familia ile inampenda Cleo kweli. Na hapo ndipo Mama alipoikamata. Jioni moja wote wanatazama televisheni, Cleo amekaa chini kando yao, mtoto amemkumbatia begani, na mara anatumwa akalete chai. "Wanampenda," Mama alisema, "na chai analeta yeye." Nadhani Cuarón analijua hilo. Ila anaitazama nyumba ile kwa macho ya mtoto aliyelelewa humo, na Sembène anaitazama ya kwake akiwa jikoni. Mimi ningekuambia uzitazame zote mbili, kwanza ya Sembène.

Tangu usiku wa ile barua siruki mstari. Maneno yakinizidi kasi nasimamisha, nasoma yote, tunaendelea. Ndivyo tulivyoitazama Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, ya mwaka 2019, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Wahusika wake wanasema sana na wanasema haraka, na dakika 132 zilituchukua saa tatu na nusu. Sauti ilinikauka. Bong aliwahi kusema kwamba maandishi ya chini ni kizuizi cha inchi moja tu, ukikivuka unakutana na filamu nyingi za ajabu. Kwa Mama inchi hiyo ni ukuta, na nilifurahi kuwa ngazi. Pale tajiri anapozungumzia harufu ya dereva wake, na dereva amejificha chini ya meza anasikia kila kitu, Mama alinusa ukosi wa nguo yake mwenyewe. Nilipogeuka kwenye skrini, dereva naye alikuwa ananusa shati lake.

Na Jumamosi iliyopita tulitazama Jodaeiye Nader az Simin ya Asghar Farhadi wa Iran, ya mwaka 2011, yaani "Kuachana kwa Nader na Simin". Ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, na Oscar pia. Maneno yake ni mengi kuliko hata ya Parasite. Inaanza mke na mume wakiikabili kamera, wakimweleza hakimu kwa nini wanataka talaka, na hakimu humwoni, kwa sababu umekaa kwenye kiti chake. Mke anataka kuhama nchi na binti yao, Termeh. Mume hawezi kumwacha baba yake mwenye maradhi ya kusahau. Mke anasema baba yako hata hajui kuwa wewe ni mwanawe. Mume anajibu kwamba yeye anajua kuwa ni baba yake.

Mama alihukumu mara nne usiku ule na mara zote nne alitengua hukumu. Alimlaani Nader alipomsukuma mlangoni mwanamke mjamzito aliyemwajiri kumtunza mzee. Alimsamehe alipomwona anamwogesha baba yake na kulia kimyakimya mgongoni kwake. Farhadi hana mtu mbaya humu. Kila mmoja amesema uongo mdogo kwa sababu inayoeleweka, na uongo mdogo ukawarundikia wote nyumba juu yao.

Mwishoni Termeh amesimama mbele ya hakimu. Ameulizwa atabaki na nani. Anasema ameshaamua. Hakimu anawatoa wazazi nje ili aseme peke yake, nao wanasubiri kwenye korido, kila mmoja upande wake wa kioo. Watu wanapita. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda.

"Amesema nani?" Mama akauliza.

"Hawajatuambia. Imekwisha."

Nikanyoosha mkono nichukue rimoti. Akanizuia.

"Wao bado wamekaa," alisema. "Tusubiri."